Nakala, Uhariri na Ufasiri katika Maisha ya Tripanosoma: Historia Fupi

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa udaktari alinijia ofisini akiwa na karatasi ya Kifaransa mkononi. Alikuwa akiandaa maelezo kwa wauguzi wa vijijini juu ya malale, yaani ugonjwa wa usingizi, naye alitaka kujua namna ya kusema kwa Kiswahili maneno mawili: transcription na traduction. Nilimjibu upesi, kama mtu aliyeombwa chumvi na jirani: la kwanza ni unakili, la pili ni ufasiri. Alishukuru, akaandika, akaenda zake. Jioni nilipoisoma ile karatasi, ambayo aliniachia, niliingiwa na haya. Nilikuwa nimempa maneno mawili ya fani yangu bila kujua yanafanya kazi gani katika fani yake. Tena karatasi yenyewe haikuhusu unakili, wala haikuhusu sana ufasiri. Ilihusu mambo yanayotendeka baina ya hayo mawili, na kwa mambo hayo sikumpa neno hata moja.

Makala haya ni malipo ya deni hilo. Sisi wanaisimu hatuna haja ya kujifanya wanabiolojia, lakini hatuwezi kukana kwamba wanabiolojia wamechota kisimani kwetu: herufi, hati, nakala, uhariri, fasiri, yote hayo wameyachukua. Basi yafaa tuangalie wameyatumia vipi, hasa katika habari ya kiumbe kimoja ambacho nchi yetu imekijua kwa machozi. Dai langu ni kwamba tripanosoma, kimelea cha malale, hakichagui sana kitakachonakiliwa. Huchagua kitakachokatwa, kitakachohaririwa, kitakachotunzwa na kitakachotupwa. Wataalamu walichukua miaka mingi kulitambua jambo hilo, kwa sababu picha waliyokuwa nayo ilitoka kwa kiumbe kingine.

Tuanze na kimelea chenyewe. Mwaka 1895, katika nchi ya Wazulu, daktari wa jeshi la Uingereza David Bruce aliona katika damu ya ng'ombe wagonjwa viumbe vidogo vyenye kujinyonganyonga. Mwaka 1901 Forde aliviona viumbe vya namna hiyo katika damu ya nahodha mmoja wa meli kwenye mto Gambia, na mwaka uliofuata Joseph Dutton akavipa jina la Trypanosoma gambiense. Mwaka 1903 Dutton na mwenzake John Todd walitumwa na shule ya tiba ya Liverpool kuja Kongo kuchunguza malale. Dutton hakurudi kwao. Alifariki mwezi wa Februari 1905 huko Kasongo, si kwa malale bali kwa homa ya papasi, ambayo pia walikuwa wakiichunguza. Msomaji wa jarida kama hili anaijua Kasongo kwa sababu nyingine: ni mji wa Tippu Tip, na ni mlango mmojawapo ambao lugha yetu iliupitia kuingia bara. Sijui kama kuna mji mwingine ambao historia ya Kiswahili na historia ya tripanosoma zimekutana kwa karibu namna hiyo.

Dutton angeweza kuona umbo la kimelea kwa hadubini yake, lakini hakuweza kuona fumbo lake. Kimelea hicho ni seli moja tu, nacho hukaa katika dunia mbili zisizofanana. Kikiwa katika damu ya mtu kinaogelea katika joto la nyuzi 37, kimezungukwa na sukari tele, na kinawindwa usiku na mchana na askari wa mwili. Mbung'o anapofyonza damu ile, kimelea hujikuta tumboni mwa mdudu, mahali penye ubaridi zaidi, penye sukari haba, ambapo chakula chake kikuu ni asidi amino iitwayo prolini. Yampasa avue nguo na avae nyingine, abadili jiko na abadili mwendo, tena kwa haraka, ama sivyo afe. Hati yake ya urithi ni ileile moja katika dunia zote mbili. Ni nani basi anayeamua ni kurasa zipi zisomwe huku na zipi kule?

Hapa hatuna budi kueleza maneno kidogo. Ndani ya kila seli mna hati mama, iitwayo DNA, iliyoandikwa kwa herufi nne. Kipande cha hati hiyo chenye maagizo ya kutengeneza protini fulani huitwa jeni. Hati mama haitoki mahali pake. Hunakiliwa, na nakala, iitwayo RNA mjumbe, hupelekwa kwenye mitambo midogo iitwayo ribosomu, ambayo huzisoma herufi za nakala na kuzifasiri kuwa protini. Nakala si ya kudumu. Baada ya muda huvunjwavunjwa, na herufi zake hutumika tena.

Mwaka 1961 Wafaransa wawili, François Jacob na Jacques Monod, walieleza jinsi bakteria ya utumbo inavyojitawala mbele ya sukari ya maziwa. Sukari isipokuwepo, protini moja hukaa juu ya hati mama kama bawabu mlangoni, na mnakili hapati nafasi ya kupita. Sukari ikiingia, bawabu huondoka, na jeni zinazohusika hunakiliwa. Uamuzi wote unafanyika mlangoni, kabla ya nakala kuandikwa. Kazi hiyo iliwapatia tuzo ya Nobel mwaka 1965 pamoja na André Lwoff, na kwa haki kabisa. Lakini kila picha nzuri ina hatari yake. Kwa muda wa miaka ishirini hivi, mtu aliyetaka kujua kwa nini jeni fulani linafanya kazi na jingine limelala, alikwenda moja kwa moja kumtafuta bawabu. Waliochunguza tripanosoma walimtafuta pia. Kwa jeni nyingi hawakumpata.

Dalili ya kwanza kwamba mambo ni mengine ilitokea mwaka 1982. Watafiti wa kundi la Piet Borst huko Amsterdam, na kwa upande mwingine John Boothroyd na George Cross, walikuwa wakizichunguza nakala za protini zinazolifunika umbo la nje la kimelea. Waligundua kwamba nakala hizo zinaanza kwa maneno yaleyale, ambayo katika hati mama hayapo mbele ya jeni lenyewe. Ilikuwa kama kukuta barua nyingi za watu mbalimbali, zote zikiwa na anwani moja juu yake, na anwani hiyo imechapwa kwa mashine nyingine. Mwaka 1984 ikaonekana kwamba si nakala hizo tu: kila RNA mjumbe inayotoka katika kiini cha tripanosoma ina kitangulizi hichohicho cha herufi 39. Mwaka 1986 ikathibitishwa kwamba kitangulizi hunakiliwa peke yake kama RNA fupi, kisha hukatwa na kuungwa mbele ya nakala nyingine iliyotoka mahali tofauti kabisa.

Kuunga vipande vya nakala kulikuwa kumekwisha kujulikana tangu mwaka 1977, lakini katika viumbe wengine ni vipande vya nakala ileile moja vinavyoungwa, baada ya kuondoa maneno yasiyotakiwa katikati. Wafaransa huiita kazi hiyo épissage, neno la mabaharia wanaounga ncha mbili za kamba kwa kusuka nyuzi zao. Tripanosoma karibu haina desturi ya kuunga ndani ya nakala moja. Jeni zake zinazojulikana kuhitaji kazi hiyo ni mbili tu. Yenyewe inaunga kamba mbili zilizotoka katika vyombo viwili. Nilipomtajia mzee mmoja jirani yangu, ambaye zamani alikuwa mvuvi katika ziwa Tanganyika, alicheka akasema kwamba kamba za namna hiyo ndizo anazozijua yeye, kwani nani hukata kamba nzima ili aiunge tena?

Kwa nini taabu yote hiyo? Jibu lilikuja kidogo kidogo kuanzia mwaka 1987. Katika tripanosoma na jamaa zake, jeni hazinakiliwi moja moja. Mnakili akishaanza, huendelea bila kusimama, akipita juu ya makumi ya jeni yaliyopangwa upande mmoja, na kutoa utepe mmoja mrefu. Mwaka 1999 ilichapishwa kromosomu ya kwanza ya Leishmania major, ndugu wa tripanosoma aletaye vidonda vya ngozi. Ina jeni 79. Jeni 29 zimeelekea upande mmoja kwa mfululizo, na 50 zimeelekea upande wa pili, kama watu waliosimama wakipeana migongo. Jenomu kamili za tripanosoma na jamaa zake wawili zilipochapishwa mwaka 2005, mpangilio ulikuwa uleule: jeni zipatazo 9,000 katika Trypanosoma brucei, zimepangwa katika misafara mirefu. Bakteria nazo zina misafara, ila katika bakteria jeni zinazofuatana kwa kawaida hufanya kazi moja. Katika tripanosoma majirani hawana uhusiano wowote. Jeni la protini ihitajikayo kwa wingi limekaa kando ya jeni la protini ihitajikayo mara moja kwa siku nyingi, na yote mawili hunakiliwa sawasawa.

Kwa hiyo utepe huo mrefu sharti ukatwe, kila kipande kipewe kitangulizi mbele na mkia wa herufi A nyuma, ndipo kiwe nakala inayoweza kusomwa. Kukata nyuma ya nakala moja na kuunga kitangulizi cha nakala inayofuata ni kazi mbili zinazokwenda pamoja, kama fundi anayekata kitambaa cha nguo moja na kwa mkasi huohuo anaanza nguo ya pili. Msomaji aushike vizuri mkasi huu, maana tutaurudia.

Mfano mmoja ulinisaidia kuelewa kuliko maelezo yote. Kuna kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi PGK, kimoja kati ya vile vinavyovunja sukari. Tripanosoma ina jeni zake tatu, A, B na C, zinazofuatana bega kwa bega katika hati mama, nazo hunakiliwa pamoja. Hata hivyo, kimelea kikiwa katika damu, nakala za C ndizo nyingi, na kimeng'enya chake huwekwa ndani ya kifuko maalumu ambamo sukari huvunjwa. Kikiwa ndani ya mbung'o, nakala za B ndizo nyingi, na kimeng'enya chake hukaa nje ya kifuko. Kundi la Amsterdam lilionyesha mwaka 1988 kwamba tofauti hiyo haitoki kwenye unakili. Miaka saba baadaye, Christine Clayton na wenzake huko Heidelberg walionyesha kwamba siri imo katika sehemu ya nakala ambayo ribosomu hazifasiri, yaani maneno yanayokaa kati ya mwisho wa ujumbe na mkia wa A. Ukichukua sehemu hiyo ya B ukaiweka nyuma ya jeni lolote jingine, nakala hiyo itafuata mwenendo wa B. Na jambo hili si la mchezo: mwaka 1998 kundi la Heidelberg lilikilazimisha kimelea cha damu kutengeneza PGK nje ya kifuko, nacho hakikuweza kukua. Neno moja likifasiriwa mahali pasipo pake, msomaji mwenyewe hufa.

Mwaka 2002 Clayton aliandika makala ambayo kichwa chake kiliuliza kama maisha yawezekana pasipo udhibiti wa unakili. Swali lilikuwa na alama ya kuuliza, na kwa busara, kwa sababu upo mlango mmoja ambao bado una bawabu. Tripanosoma hufunika mwili wake kwa joho la protini zipatazo milioni kumi za namna moja. Mwili wa mgonjwa ukishaitambua protini hiyo, vimelea vichache vinakuwa vimekwisha kubadili joho, na ugonjwa unaanza upya. Hati mama ina zaidi ya majoho 2,000, mengine mazima na mengine mabovu, lakini kwa wakati mmoja linanakiliwa moja tu. Uchaguzi wa joho gani livaliwe hufanyika mlangoni. Walakini hata hapo, nakala ya joho lililochaguliwa haidumu ila kwa msaada wa herufi 16 zilizomo katika sehemu yake isiyofasiriwa; ukizifuta, nakala huoza upesi.

Sasa nifike kwenye uhariri, nami naomba msomaji anivumilie nikikawia, kwani hapa ndipo mtu wa lugha hufungua macho. Tripanosoma ina mitokondria moja tu, kiwanda cha nishati, na ndani yake mna DNA ya pekee iliyopangwa kama pete elfu nyingi zilizonasana, mfano wa deraya ya askari wa kale. Pete chache ni kubwa, maelfu ni ndogo. Mwaka 1986 Rob Benne na wenzake wa Amsterdam waliichunguza nakala ya jeni moja la pete kubwa. Katika hati mama, jeni hilo lilikuwa na kosa la kusoma: herufi zilikosekana, na maana ya sentensi ikapotea njiani. Katika nakala, kosa halikuwepo. Herufi nne za U, ambazo hazimo popote katika jeni hilo, zilikuwa zimeingizwa mahali panapotakiwa. Mtu fulani, kwa kusema hivyo, alikuwa ameisahihisha nakala baada ya kunakiliwa. Wengi walitia shaka, na si ajabu: ilikuwa imekubalika kwamba nakala ni kivuli cha hati, na kivuli hakiongezi kidole.

Shaka ikaisha mwaka 1988, kundi la Kenneth Stuart lilipopata nakala ambayo zaidi ya nusu ya herufi zake ziliongezwa na uhariri. Jeni lake lilikuwa mbele yao siku zote bila kutambulikana, kwa sababu lilivyoandikwa halikufanana na jeni. Miaka miwili baadaye kundi la Larry Simpson likajibu swali lililobaki: mhariri anajua vipi pa kuongeza? Zipo RNA fupi, RNA elekezi, ambazo zinalala juu ya nakala, na pale zisipolingana nayo, herufi za U huongezwa au hupunguzwa mpaka zilingane. Nyingi ya RNA elekezi hutoka katika zile pete ndogo, ambazo watu walikuwa hawajui kazi yake.

Msomaji aliyewahi kushika barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu anaijua hali hii. Barua kama hizo za karne ya 19 kutoka Kongo ya mashariki zimehifadhiwa Ubelgiji. Mwandishi wake ana alama tatu za irabu, lugha yake ina irabu tano. Mara nyingi hata hizo tatu haziandiki. Sauti za p na mb zaweza kuandikwa kwa herufi moja. Anayeisoma hana budi kuongeza kile kisichoandikwa, naye huongeza sawasawa kwa sababu lugha imo kichwani mwake. Jeni la pete kubwa limeandikwa kwa desturi hiyo. Tofauti ni kwamba tripanosoma haina kichwa. Kile ambacho msomaji wetu anakijua kwa moyo, yenyewe imekiandika katika hati nyingine maelfu kwa maelfu. Aidha, kwa baadhi ya jeni, kiasi cha uhariri katika damu si sawa na kile cha ndani ya mbung'o. Uhariri basi si usahihishaji tu. Nao ni njia ya kutawala.

Kama nakala zote zinaandikwa na hatima yao huamuliwa baadaye, ni nani anayeamua? Zipo protini ambazo kazi yao ni kushika RNA. Kila moja huzitambua herufi fulani, na ikishazishika huilinda nakala, au huipeleka ikavunjwe, au huizuia isifikiwe na ribosomu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Nikolay Kolev, Elisabetta Ullu, Christian Tschudi na wenzao, waliongeza protini moja ya jamii hiyo, RBP6, katika vimelea vya tumbo la mbung'o waliovikuza katika chupa. Vimelea vile vilipita hatua zote ambazo kwa kawaida hupitiwa ndani ya mdudu, hadi vikafikia umbo linaloweza kumwambukiza mnyama, bila mbung'o yeyote kuwepo. Mwaka 2017 kundi la Clayton likaeleza habari ya RBP10, inayopatikana katika vimelea vya damu. Hiyo huzitafuta nakala zenye herufi UAUUUUUU katika sehemu yao isiyofasiriwa, ambazo nyingi ni za maisha ya mbung'o, na huziangamiza. Ukiiondoa RBP10, kimelea cha damu huweza kukua tu kama kimelea cha mbung'o. Ukiitia katika kile cha mbung'o, mambo hugeuka. Protini moja, isiyogusa hati mama hata kidogo, inabadili uraia wa kiumbe kizima.

Si tripanosoma peke yake. Kimelea cha malaria kinaye bawabu mlangoni kuliko tripanosoma, lakini nacho kina ghala ya nakala. Seli yake ya kike, ikiwa bado katika damu ya mtu au ya mnyama, huandika nakala ambazo haizihitaji mpaka itakapofyonzwa na mbu, kisha huzifungia. Mwaka 2006 ilionyeshwa, katika kimelea cha malaria cha panya, kwamba protini iitwayo DOZI ndiyo mlinzi wa ghala hiyo. Ikikosekana, nakala hupotea na kizazi hakikui ndani ya mbu. Ni kama mtu anayeandika barua zote za safari kabla ya safari.

Vitabu fulani vimeiita desturi ya tripanosoma ya kale, au duni, kwa kuwa kunakili kila kitu na kisha kutupa ni upotevu. Mimi siafiki. Ni kweli kwamba ukoo wake ulitengana na wetu zamani sana, lakini muda uliopita tangu hapo ni uleule kwake na kwetu. Sisi tuliofundishwa kwamba lugha fulani ni duni kwa sababu sarufi yake si ile ya Kilatini, tuwe waangalifu na neno hilo. Kiumbe kinachopita kutoka damu ya mtu hadi tumbo la mdudu kwa mfyonzo mmoja, huenda kikafaidika kuwa na nakala zote tayari na kuchagua kwa kuvunja, kwa maana kuvunja ni haraka kuliko kuandika. Hiyo ni dhana yangu tu, wenye ujuzi waipime.

Lakini ubishi wa maneno ungebaki ubishi wa maneno, kama usingegusa watu wanaougua. Katika miaka ya 1990 malale ilirudi kwa nguvu nchini mwetu, huku vita na umaskini vikisimamisha kazi ya vikundi vya wapimaji waliokuwa wakipita vijijini. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilipokea habari za wagonjwa karibu 40,000, na wasioonekana walikadiriwa kuwa wengi kuliko hao. Dawa ya mgonjwa ambaye kimelea kimekwisha kuingia ubongoni ilikuwa melarsoproli, iliyotengenezwa kwa zarniki mwishoni mwa miaka ya 1940. Iliunguza mishipa, na katika kila wagonjwa mia iliwaua yenyewe kama watano. Muuguzi alijua hivyo anapoishika sindano, na jamaa wa mgonjwa walijua vilevile. Mwaka 2009 ulianza kutumika mchanganyiko wa dawa mbili usio na sumu hiyo, lakini ulidai hospitali na dripu. Mwishoni mwa mwaka 2018 Kongo ilikubali fexinidazoli, vidonge vya siku kumi, na mwaka huohuo wagonjwa walioandikishwa duniani walikuwa chini ya 1,000.

Nyuma yake ilifuata akoziboroli. Ilitafutwa kwa kujaribu kemikali nyingi juu ya vimelea, pasipo kujua kwanza zinawaua kwa njia gani. Mwaka 2018 ndipo makundi ya watafiti yalipopata jibu kuhusu dawa za ukoo huo. Zinashika kimeng'enya kiitwacho CPSF3. Kimeng'enya hicho ndicho ule mkasi: ndicho kinachokata nyuma ya nakala wakati utepe mrefu unapotengwa kuwa barua moja moja. Mkasi ukizibwa, mnakili anaendelea kuandika kama kawaida, lakini utepe hautengeki, uungaji wa kitangulizi hukwama, na ribosomu hazipati cha kufasiri. Kundi la Heidelberg lilionyesha hivyo kwa dawa ya ndugu yake akoziboroli. Mwanadamu naye ana CPSF3, kwani nakala zetu pia hukatwa nyuma. Katika ya kwetu, pale ambapo dawa ingekaa, pamewekwa asidi amino kubwa zaidi kuliko ile ya tripanosoma, na dawa hukosa nafasi.

Jaribio la dawa hiyo kwa wagonjwa lilifanyika kuanzia Oktoba 2016 katika hospitali za Kongo na Guinea, mtafiti wake mkuu akiwa Daktari Victor Kande Betu Kumeso, Mkongomani aliyetumia maisha yake ya kazi katika malale. Walipokelewa wagonjwa 208. Kati yao 167 walikuwa katika hatua ya mwisho, ile ambayo zamani ilikuwa ya melarsoproli. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: baada ya miezi 18, wagonjwa 159 kati ya hao 167 walihesabiwa kuwa wamepona. Matibabu yalikuwa vidonge vitatu, vinavyomezwa kwa mara moja.

Yule mwanafunzi sasa ni daktari mkoani. Nimemwandikia barua, na ndani yake nimemtilia maneno ambayo sikumpa siku ile: utepe, mkasi, kitangulizi, mkia, uhariri, RNA elekezi, nakala iliyofungiwa. Amenijibu kwamba wauguzi wake wamelikubali neno mkasi mara moja, lakini kitangulizi wanakiita kofia, na kwamba hana nia ya kuwasahihisha.